Ripoti ya Bibi Karanga

Mwaka 1979 mhandisi alikuwa akitafutwa Dodoma kama jogoo mweusi wa mganga. Makao makuu ndiyo yanahamia, magreda yananguruma tangu alfajiri, kila ofisi imebandika ramani ukutani na wa kuisoma hayupo. Hapo ndipo Gideoni Madeje aliposhuka kwenye treni, mwana wa Kongwa, Mgogo halisi wa ugali wa uwele na mlenda, ndewe za masikio zimetobolewa tangu utoto, na kichwani amevaa kofia ya manyoya. Alikuwa Ujerumani Mashariki miaka sita. Jua la Dodoma mnalijua, mbuzi mwenyewe anatafuta uvungu wa gari. Yeye kofia hakuivua mpaka alipofika ofisini, asije mtu akadhani ametoka kusoma Mpwapwa.

Mashirika matatu yalimgombea. La kwanza lilimwahidi nyumba. La pili nyumba na Landrova. La tatu, Shirika la Pampu na Zana, lenye karakana yake Kizota, liliahidi nyumba, Landrova na godoro la sponji. Wenye shule ndefu husema alichagua kwa moyo wa kuwatumikia wananchi. Haya, na waseme. Ukweli ni godoro.

Ila kilichomweka pale miaka kumi na sita hakikuwa godoro. Alikuwa Bibi Karanga.

Hiyo ilikuwa mashine ya kukereza chuma, ndefu kama ng'ombe wawili wanaofuatana, nzito kuliko dhambi za kijiji kizima. Waingereza waliileta Kongwa wakati wa ule mradi wao wa karanga. Karanga zikakataa, Waingereza wakafunga mizigo, mashine ikabaki kwenye nyasi mpaka serikali ilipoikokota kuja mjini. Mafundi ndio walioibatiza Bibi Karanga, na Bibi akawa Bibi. Ukimpa kipande cha chuma anakizungusha, kisu chake kinakimenya kama muwa, na unatoka mhimili wa pampu ulionyooka hata ukiupima kwa unywele. Pampu zote za upepo, kuanzia malisho ya Kongwa mpaka kule Manyoni, zikikatika mhimili zilikuja kwa Bibi. Ng'ombe wa nchi hii wamekunywa maji ya Bibi Karanga bila kumjua.

Gideoni alimtunza kama mtu anavyomtunza mama mkwe tajiri. Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, aliweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini akautia sikioni, akasikiliza. Siku nyingine alitikisa kichwa akasema Bibi ana mafua, na kweli jioni ungekuta beringi imeanza kulia. Vipuri vilipokosekana, miaka ile ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni, alisubu gia mwenyewe kutoka kwenye vyuma vya matrekta ya Waingereza. Meno ya gia zile aliyachonga kwa tupa wiki tatu. Mhandisi mzima, anapiga tupa! Lakini Bibi hakusimama hata siku moja.

Halafu ikaja ruksa. Biashara huria, kila mtu aingize anachoweza kubeba. Maduka ya Majengo yakajaa pampu kutoka ng'ambo zikiwa ndani ya maboksi, zimepakwa rangi ya buluu inayong'aa kama ya baiskeli mpya. Zilikuwa nyepesi, na zilikufa baada ya masika mawili, lakini bei yake ilikuwa nusu ya pampu ya Shirika, na mnunuzi akiwa na kiu hahesabu masika. Oda zikapungua. Mshahara ukaanza kuchelewa wiki, kisha mwezi. Mshahara wenyewe ulikuwa kichekesho: ule ambao mwaka wa themanini ulinunua ng'ombe wawili na doti ya kitenge ya mke, kufika tisini na nne ulinunua magunia manne ya mahindi, basi. Landrova ilisimama juu ya mawe kwa kukosa matairi, kuku wakahamia. Mkewe Loisi, mwalimu wa shule ya msingi, alijaza friji barafu za ubuyu akawauzia wanafunzi wake wakati wa mapumziko. Kiwanja walichokuwa nacho Miyuji kilibaki msingi tu, na msingi wenyewe uliota mbigili.

Mtu wa kumtazama alikuwa Luka. Huyu Luka aliishia darasa la saba, aliingia karakana akiwa mfagiaji, Gideoni akamfundisha kushika spana, kusoma mchoro, kuchomelea. Mwaka 1989 aliacha kazi bila kuaga vizuri, akafungua uwanja wake nyuma ya soko la Majengo: magrili ya madirisha, mageti, mashine za kusaga za wenye nafaka. Ndani ya miaka mitano alikuwa na pikapu na nyumba ya vigae. Wakikutana njiani alisimama, akasema shikamoo bosi, kwa heshima yote, na kabla hajaondoka alimpenyezea Loisi noti mbili tatu za watoto. Gideoni aligeuza uso pembeni. Loisi hakugeuza.

Kwa hiyo Agosti 1995, Serikali ilipotangaza kwamba Shirika linauzwa, Gideoni alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, watoto wanne, nyumba isiyo yake, na binti mkubwa, Ruthu, yuko kidato cha tatu. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo. Wala hakuhitaji kalamu kulijua hilo. Hao wahandisi wengine wa mjini waliokwisha kupunguzwa alikuwa akiwaona. Mmoja alikuwa anauza mkaa. Mwingine alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule ya masista kwa chakula cha mchana. Wa tatu, aliyewahi kusimamia barabara ya lami, alishinda kwenye kibaraza cha posta akiwaandikia watu barua za maombi ya kazi, na zake mwenyewe hazijibiwi.

Mnunuzi alimtuma mtu wake kutoka Dar es Salaam, bwana mmoja aliyeitwa Thobias, mpole, mwenye sauti ya kanisani na viatu ambavyo vumbi la Dodoma lilikuwa linaogopa kuvigusa. Thobias alizunguka karakana nzima, akaguswa na kila kitu. Akasimama mbele ya Bibi Karanga akiwa katikati ya kazi, akatazama nyuzi za chuma zikidondoka zimejikunja, akasema kwamba tangu azaliwe hajaona mashine ya zamani inayotulia namna ile. Gideoni akavimba kifua. Mtu ukimsifia mashine yake, ndugu yangu, umeshamwingia mfukoni.

Wakaenda ofisini. Thobias akafunga mlango mwenyewe. Akaeleza kwamba bei ya Shirika haipangwi na mnunuzi, inapangwa na kamati ya mauzo, na kamati haijui spana wala nati. Inasubiri ripoti ya hali ya mitambo kutoka kwa mhandisi mkuu. Mitambo ikiwa mizima, bei itapanda, tajiri wake hataimudu, ataondoka, na Shirika litafungwa kufuli kama yalivyofungwa mengine. Mitambo ikiwa chakavu, tajiri atanunua. Na akinunua atahitaji mhandisi mmoja. Mmoja tu. Mshahara mara tatu ya huu wa sasa, nyumba ileile anayokaa, na pengine gari.

Gideoni akasema mitambo si chakavu.

"Mzee wangu, mimi na wewe tunajua inafanya kazi," Thobias akasema. "Karatasi tu ndiyo isijue."

Alipewa siku kumi.

Siku ya tatu alikwenda Majengo kwa Luka, kwa kisingizio cha kuazima tupa. Luka alifukuza wateja, akamtolea stuli, akaagiza soda mbili. Alisikiliza yote akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema wazi kwamba mshahara mara tatu hauogopeshi, kinachoogopesha ni ile saini. Akamwambia aache Shirika liende na maji, aje pale uwanjani, wagawane kazi. Yeye Luka analeta wateja, bosi analeta kichwa. Mashine za kusaga ziko mia mbili mjini hapa na hakuna anayejua kwa nini zinakata shafti.

Gideoni akatazama ule uwanja. Vibarua walikuwa wamechuchumaa juani, miwani myeusi imefungwa kwa kamba ya kiatu, mmoja anakula muhogo kwa mkono uleule ulioshika elektrodi. Akasema hakwenda Ujerumani miaka sita ili arudi kuchomelea mageti ya wauza karanga.

"Sawa, bosi," Luka akasema, wala hakukasirika. "Lakini mageti yananilisha. Wewe Ujerumani inakulisha nini?"

Walicheka wote wawili. Gideoni alicheka kidogo zaidi ya ilivyostahili, akaondoka, tupa akaisahau.

Nyumbani hakumficha Loisi. Loisi alikuwa anapima ubuyu kwa kikombe, hakuacha kupima. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: hao watakaosoma hiyo ripoti, wanaijua mashine, au wanaijua karatasi?

Na hapa ndipo msomi wetu alipofanya kosa la Kigogo, kosa ambalo Mchaga asingelifanya hata ukimlewesha. Ng'ombe wa Mgogo hasifiwi na mwenyewe mbele ya mgeni. Hahesabiwi, hatajwi kwa uzuri. Akija mnunuzi, akija mtu wa kodi, akija hata mchungaji wa kanisa anayetafuta zaka, mwenye zizi anatema mate pembeni na kusema hao si ng'ombe, hizo ni ngozi zinazotembea, kesho hamtazikuta. Baba yake Gideoni, Mzee Madeje, alikuwa na dume moja jekundu lenye nundu kama mlima, na miaka minane mfululizo aliwaambia wageni kwamba dume lile lina ndigana na halitamaliza wiki. Dume lilizeeka zizini. Maneno mabaya ndiyo yaliyolilinda, kijicho kilipita juu kikaenda kwa jirani aliyekuwa anajisifu.

Hayo ndiyo aliyomwambia mkewe. Kwamba kumwita Bibi Karanga chakavu ni kumfunika tu. Wageni wakishapita, Bibi atakuwa palepale, na yeye atakuwa pembeni yake na bisibisi sikioni. Mtu kasoma hesabu za kuinua madaraja, lakini alipobanwa alikwenda kuuliza njia kwa marehemu baba yake. Msimcheke. Kila mtu akiwa kwenye kona ana zizi anakokimbilia.

Loisi alifunga ubuyu wake vizuri. Akasema, "Baba Ruthu, mzee alikuwa anasema kwa mdomo. Alipiga muhuri lini?"

Gideoni akamjibu kwamba mambo ya mitambo amwachie mwenye mitambo.

Ripoti aliiandika kwa siku nne, na aibu ya mambo yote ni kwamba aliiandika vizuri. Mtu akijua kazi hata uongo wake unakuwa na vipimo. Aliandika kwamba kitanda cha mashine kimelika kwa milimita kadhaa, kwamba beringi kuu imekwisha, kwamba mwili wa mashine una nyufa za ndani zisizoonekana kwa macho na hivyo haitengenezeki. Akaziita kwa namba, moja moja, mashine kumi na saba. Bibi Karanga alikuwa namba moja.

Anastazia, karani wa chapa aliyekuwa na Shirika tangu lianze, aliweka karatasi na kaboni mbili kwenye taipu yake akapiga mstari wa kwanza, wa pili, akasimama. Aliuliza kama na Bibi naye yumo. Gideoni akasema apige. Anastazia akapiga. Upande wa pili wa ukuta Bibi alikuwa anakereza mhimili wa pampu ya misheni, na sauti yake ilikuwa inaingia dirishani, laini kama mtu anayepepeta mchele. Gideoni akatia saini nakala zote tatu, akagonga muhuri, muhuri ukatoka hafifu, akaupulizia pumzi, akagonga tena kwa nguvu.

Kamati iliuza. Desemba mafundi ishirini na wawili waliagwa, wakapewa kila mmoja karatasi ya kusubiri kiinua mgongo. Gideoni aliwaaga kwa hotuba, akawaambia wavumilie, kampuni ikisimama atawaita mmojammoja. Wakampigia makofi. Krismasi ile alinunua mbuzi kwa mkopo wa jina lake, na wazazi wa Loisi walikuja kutoka kijijini wakala, wakambariki mkwe aliyebaki peke yake kama mti kwenye mbuga.

Barua yake ilifika Januari tarehe tisa. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kwa kuwa, kwa mujibu wa ripoti yake mwenyewe, mitambo yote ya karakana haifai tena kwa matumizi wala kwa matengenezo, kampuni haioni kazi ambayo mhandisi angeifanya. Jengo litakuwa ghala la mitumba. Nyumba airudishe ndani ya siku thelathini.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Kisha akatembea kwa miguu mpaka hoteli aliyofikia Thobias, karibu na stesheni, akamkuta anakunywa chai. Thobias alimkaribisha kiti. Hakukana kitu, na hiyo ndiyo iliyouma. Alikiri aliahidi. Alikiri pia kwamba wakati anaahidi alidhani ni kweli. Lakini tajiri mwenyewe hajawahi kufika Dodoma, na hakusimuliwa habari za Bibi Karanga na nyuzi zake za chuma; alichopata mezani ni kurasa sita zenye muhuri. Akazisoma. Akauliza, hili duka la vyuma vibovu mimi nimpe mtu mshahara wa kuvifanyia nini?

Gideoni akasema ataandika ripoti nyingine. Ya kweli.

Thobias akaweka kikombe chini taratibu. Akamwuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, kama amefikiri itapelekwa kwa nani. Kwa kamati. Na kamati itasema hii ya pili ni kweli, basi ya kwanza ni nini? Serikali imepoteza kiasi gani kwa hiyo ya kwanza? Aliyetia saini ni nani? Na kiinua mgongo chake, kile ambacho bado kiko mezani kwa kamati hiyohiyo, kitakwenda wapi? Aliuliza maswali hayo bila kutisha, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuhesabu. Gideoni akaomba radhi kwa kumsumbua. Mmemsikia? Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mwezi wa pili, na lori na nyundo. Kwenye mkataba wa mauzo kulikuwa na sharti: kilichouzwa kama chakavu kitavunjwa mbele ya karani wa kamati kabla hakijatoka getini, mtu asije akanunua mashine kwa bei ya chuma. Karani alikuja, bwana mkavu mwenye tai na faili kwapani. Thobias alikuwepo. Gideoni alikuwepo pia, maana alikuwa amekuja kuchukua vitabu vyake, hivyo ndivyo alivyosema, na vitabu vilikuwa viwili.

Zile mashine ndogo zilikwisha asubuhi. Walipofika kwa Bibi Karanga, getini kukasikika honi. Luka. Kaja na pikapu yake, na nyuma yake lori la kukodi lenye winchi, na vijana wanane. Alishuka akiwa amevaa shati la Jumapili. Alimwamkia Gideoni kwanza, shikamoo bosi, ndipo akaenda kwa Thobias akatoa bahasha. Alikuwa tayari kulipa mara nne ya bei ya chuma kwa mashine ile moja, nzima, asubuhi hiyohiyo. Thobias akaipima bahasha kwa mkono na uso ukamfunguka. Akasema kwa upande wake hana pingamizi.

Karani akafungua faili. Akasema kama mashine ni chakavu, itavunjwa kama sharti linavyosema. Kama si chakavu, basi haijauzwa. Inarudi kwa kamati, inapimwa upya, bwana huyu wa Majengo ataruhusiwa kushindana na wengine, na bahati nzuri aliyeandika ripoti yupo hapa, hakuna haja ya kwenda mbali.

Akamgeukia. "Mhandisi, hii ni nzima au ni chakavu?"

Thobias akavitazama viatu vyake. Wavunja chuma wakaegemea nyundo zao, kwao ilikuwa sawa tu. Luka alisogea hatua moja.

"Bosi, sema," akasema. "Sema ni nzima. Mengine tutapambana nayo, mimi nipo. Wakili nitalipa. Nyumba yangu ina vyumba vya uani, mtahamia kesho. Sema tu."

Alikuwa anasema kweli, huyu Luka. Angelipa wakili, angewapa vyumba. Na Gideoni alijua kuwa anasema kweli. Alimwona Ruthu na sare yake. Aliona jina lake kwenye gazeti, na watu wa Kongwa, wale waliouza maksai ili yeye apande ndege, wakisomewa gazeti hilo na mwalimu wa shule. Aliona chumba cha uani kwa mtu aliyemfundisha kushika spana. Ipi kati ya hizo ilikuwa nzito zaidi, yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu, na anayedai anajua anajitapa.

"Chakavu," akasema. "Ina nyufa za ndani."

Karani akaandika. Luka alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akachukua bahasha yake mkononi mwa Thobias, akawaashiria vijana wake, wakapanda magari. Hakuaga.

Wale wavunja chuma wakaanza. Walipiga kwa nusu saa na Bibi Karanga hakutoa hata kibanzi. Nyundo ziliruka nyuma, mmoja akateguka kiwiko. Karani alikuwa anatazama saa. Kiongozi wao, mzee mmoja mwenye kitambaa kichwani, akamfuata Gideoni pale alipoketi na vitabu vyake viwili, akamwuliza kwa adabu kama yeye ndiye injinia. Akasema wanalipwa kwa tani na si kwa siku, na jua linapanda. Kama anajua chuma hiki kinakatikia wapi, wanamwomba awaonyeshe, watamtolea chochote.

Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali la uhandisi.

Akainuka. Akaomba chaki. Aliizunguka mashine mara moja, akaugonga mwili wake kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akainama, akachora msalaba mdogo chini ya kitanda, pale unene unapobadilika karibu na mguu wa pili, na mwingine upande wa nyuma. Akawaambia waondoe bolti mbili za chini kwanza ili uzito wote uning'inie, wainue upande mmoja kwa jeki, wapige kwenye alama, wasipige pengine.

Walipiga mara tatu. Ya tatu Bibi Karanga alikatika vipande viwili kwa mlio mfupi, na vumbi likashuka darini.

Gideoni alisogea akaangalia pale mashine ilipovunjika. Chuma kibovu kikivunjika kina madoa, kina mashimo, kina kutu iliyojificha miaka. Hapa palikuwa na kijivu safi, punje ndogondogo zilizobanana, zinang'aa mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Karani alipita karibu na faili lake, akatazama, akaona chuma, akaenda kutafuta kivuli.

Yule mzee wa kitambaa naye akainama. Alikuwa amevunja vyuma maisha yake yote. Akapitisha kidole gumba juu ya ule uso mpya, polepole, akamtazama Gideoni.

"Injinia," akasema kwa sauti ya chini, "hii ilikuwa nzima."

"Pakieni," Gideoni akasema.